Usukani si Pambo

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nami naongeza kwamba adhabu ya usukani mbaya aijuaye ni kiganja. Wasomaji wapenzi, kabla hamjafunua ukurasa mkitafuta mashairi na vitendawili, nipeni dakika chache tu. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Ai! Katika mambo yote ya dunia hii, huyu msichana ameona usukani wa baiskeli!" Chekeni tu. Mimi pia nilicheka, halafu nikalia.

Shule yetu ni ya kutwa. Ukifika langoni asubuhi utaona baiskeli zimejazana chini ya mwembe kama ng'ombe mnadani: zile Mamba nyeusi za wazee wetu zenye breki za vyuma, na baiskeli za gia za mitumba zenye rangi za kila aina. Mimi hutoka kilomita saba, barabara ya changarawe iliyopita katikati ya mashamba ya miwa, nikipishana na trekta na vumbi lake. Kwa hivyo kwetu baiskeli si mchezo. Baiskeli ikikukataa, masomo nayo yanaanza kukukataa.

Maoni yangu ni haya, na nitayatetea hadi tone la mwisho la wino: mtu asichague usukani kwa macho ya watu wengine. Auchague kwa mikono yake, mgongo wake na safari yake. Baiskeli imfuate mwenyewe. Mwenyewe asijikunje kuifuata baiskeli.

Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Baiskeli ninayoendesha niliachiwa na kaka yangu alipokwenda kutafuta kazi. Ni baiskeli ya gia. Kaka yangu ni mrefu kama mlingoti, nami, kama mnavyonijua, nikisimama katika gwaride huwa mstari wa mbele. Usukani wake ulikuwa umenyooka kama fimbo ya mchungaji, mpana, tena umewekwa mbali kwa sababu ile shingo ya chuma inayoushikilia ilikuwa ndefu. Nikiushika ilinibidi kujinyoosha kama mtu anayetaka kuchukua sukari upande wa pili wa meza. Lakini nani angejali? Nilikuwa na baiskeli!

Basi mwezi wa Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara letu la Afrika. Jumapili ile ya mwisho tulijazana katika hoteli moja pale sokoni, tukatazama wanaume wakipanda na kushuka vilima kwa zaidi ya kilomita 260, mpaka Tadej Pogačar wa Slovenia akatwaa ushindi. Lo! Migongo imelala, vichwa viko chini, mikono iko chini zaidi. Kila mmoja wetu alitoka pale akiwa bingwa moyoni.

Haikupita wiki kabla spana haijaanza kuzunguka chini ya mwembe. Wavulana waliteremsha usukani mpaka ukakataa kushuka tena. Aliyeuacha wake juu aliitwa "mzee wa kanisa" ama "muuza mkate". Jamaa mmoja aliyekuja na Mamba ya babu yake aliulizwa, "Wee, unaendesha baiskeli ama unasukuma mkokoteni?" Nami sikubaki nyuma. Niliazima spana, nikauteremsha usukani ambao tayari ulikuwa chini na mbali. Kesho yake nilipita langoni nimeinama kama anayetafuta sindano, nikapigiwa makofi. Kichwa kikavimba.

Wiki ya kwanza shingo iliniuma. Nikasema ni mazoezi. Wiki ya pili mgongo ukaanza kuwaka moto karibu na kiuno. Nikasema ni mkoba wa vitabu. Wiki ya tatu vidole viwili vya mkono wa kulia, kile kidogo na jirani yake wa pete, vikaanza kufa ganzi. Nikifika shuleni nilivikunjua, nikavipulizia hewa, nikavisugua kwenye sketi. Saa ya pili ya masomo vilirudi. Nikanyamaza.

Halafu ukaja mtihani wa mwisho wa mwaka. Karatasi ya Insha iliwekwa asubuhi. Mimi ambaye huwa napata alama 15 ama 16 kati ya 20 nilikaa pale nikitazama kalamu ikiteleza. Neno langu la kwanza liliandikika kama kuku amepita kwenye matope. Insha ya pili sikuimaliza. Karatasi iliporudi ilikuwa na alama 9, na pembeni mwalimu aliuliza kwa wino mwekundu, "Mbona haraka hii?" Wenzangu, haikuwa haraka. Mkono wangu ulikuwa umelala.

Nyumbani kulizuka baraza. Nyanya alisema ni baridi yabisi, akanichemshia majani. Mama alisema heri nihamie kwa shangazi yangu anayeishi karibu na shule. Nampenda shangazi, lakini ana mtoto mchanga na duka, na najua vizuri nani angebeba mtoto na nani angekaa dukani wakati wa kudurusu. Baba alisema neno moja tu: ataiuza baiskeli. Kwenda kwa pikipiki ni shilingi 100, kurudi ni shilingi 100. Mkifanya hesabu ya wiki mtaona kwa nini sikulala usiku ule.

Aliyeniokoa kwanza ni mwalimu wetu wa Biolojia. Nilipomweleza hakuniuliza kama nimerogwa. Aliniuliza, "Ni vidole vipi?" Nikamwonyesha viwili. Akanigeuza kiganja, akabonyeza pale chini, upande wa kidole kidogo, karibu na kifundo cha mkono. Nikaruka! Akanieleza kwamba pale hupita neva iendayo kwenye kidole kidogo na nusu ya kile cha pete. Mtu akiuegemeza uzito wa kifua chake juu ya kiganja, huku kifundo kimepinda, na barabara inampiga nyundo kila hatua, neva ile hubanwa. Ikibanwa leo inakufa ganzi. Ikibanwa kila siku, vidole huanza kupoteza nguvu. "Vidole vyako havina ugonjwa," akasema. "Vinabeba mzigo ambao si wao."

Aliyeniokoa pili ni Baba mwenyewe. Zamani, kabla pikipiki hazijafurika kila mahali, alikuwa bodaboda wa baiskeli kule Busia, akibeba watu na magunia kutwa nzima. Jumamosi moja alinipa Mamba yake niende kusaga mahindi. Kiti kilikuwa juu mno kwangu, na chuma ni kizito kama dhambi. Lakini nilipofika kwenye posho mill nilishangaa: vidole vyote kumi vilikuwa macho! Usukani wa Mamba umepinda kuelekea nyuma, ukaniletea mikono karibu. Tena ulikuwa juu kuliko ule wa baiskeli yangu. Nilikuwa nimekaa kama mtu, nikiona mbele, nikiwaamkia wazee njiani. Ile baiskeli tuliyoicheka ilikuwa na akili kutushinda.

Nikamwambia Baba. Hakusema kitu. Aliichukua baiskeli yangu, tukaenda pamoja kwa fundi wa sokoni.

Fundi yule ni mzee asiyependa maneno mengi. Aliizunguka baiskeli mara moja, akaniuliza, "Mami, hii ni ya nani?"

"Ni yangu, Mzee."

"Hapana. Hii ni ya kaka yako. Wewe unaiazima kila siku."

Akaiegemeza ukutani, akaniambia nipande. Kisha akasema, "Funga macho. Nyoosha mikono mahali inapotaka kwenda yenyewe." Nikafumba, nikanyoosha. Nilipofumbua, viganja vyangu vilikuwa vinaelea hewani, karibu shubiri nzima kabla ya kuufikia usukani, tena vidole vinne juu yake. Baba alitazama ule mwanya kwa muda mrefu. "Yaani mtoto alikuwa anavuka huo mto kila siku?" akauliza. Fundi akamjibu, "Kwenda na kurudi."

Nilidhani tutatoa usukani kwenye Mamba kuukuu na kuuhamisha. Fundi akatikisa kichwa. Usukani wa Mamba na shingo yake ni kitu kimoja kilichounganishwa, na zile fito za breki zimefungwa juu yake. Ukiuhamisha unahamisha baiskeli nzima. Akatutafutia usukani mwingine uliopinda nyuma, wa baiskeli ya kike ya mtumba, pamoja na shingo fupi. Baba alilipa shilingi 600, pamoja na nyaya mbili mpya za breki. Fedha hizo zilikuwa za mbolea. Sitazisahau.

Sasa, msomaji, huenda nawe unasumbuka kimyakimya. Nitakueleza tulivyofanya, ili usije ukateremsha ama kupandisha ovyo kama mimi.

Kwanza huanzwi usukani, huanzwa kiti. Kaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kiti kiwe sawa kama meza. Kikiinama mbele kitakutelezesha, na mikono ndiyo itakayokuzuia usianguke, kwa hivyo utaulaumu usukani bure.

Pili, kimo. Kwa safari kama zetu usukani uwe sawa na kiti ama juu yake kidogo. Kwenye baiskeli nyingi za mitumba shingo ni mkono wa chuma ulioingia ndani ya bomba la mbele, na ndani umekazwa kwa kabari. Fundi hulegeza bolti ya juu mizunguko michache, huweka kipande cha ubao juu yake, hugonga mara moja ili kabari iachie, ndipo huvuta. Lakini angalia! Kwenye shingo nyingi kuna alama inayoonyesha mwisho wa kuvuta. Kama alama imefutika, zibaki si chini ya inchi 2 na nusu ndani ya bomba. Ukivuta kupita hapo, siku moja utabaki umeshika usukani mkononi huku baiskeli imekwenda zake. Baiskeli mpya mpya ambazo shingo yake imebana bomba kwa nje hazipandishwi hivi. Hizo hubadilishwa shingo ama huwekwa usukani uliopinda kwenda juu.

Tatu, umbali. Ukishika, viwiko visinyooke kama rula, viwe na mkunjo kidogo, kwani viwiko ndivyo springi zetu kwenye mashimo. Mabega yasipande masikioni. Kama unajiona unasukumana na usukani, uko karibu mno; kama unaning'inia kwao, uko mbali. Kisha kata kona kushoto na kulia ukiwa umesimama: usukani uliopinda sana waweza kugonga magoti.

Nne, upana na pembe. Upana ulingane na mabega ama uyapite kidogo. Vifundo vya mikono vibaki vimenyooka, kama unavyoshika toroli la mchanga. Kikivunjika kwenda juu ama kando, neva itakuita.

Tano, na hili ndilo watu hulisahau: breki. Ukipandisha usukani wenye breki za waya, nyaya huwa fupi, na siku utakapokata kona waya utajivuta wenyewe. Kwenye Mamba ni vivyo hivyo, kwa maana fito zake hukamata rimu kwa kuvutwa juu. Ukipandisha usukani bila kulegeza viungo vya fito, umefunga breki kabla ya kuondoka nyumbani. Mwisho simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu katikati ya magoti, ujaribu kuupindua usukani kwa nguvu za kawaida. Ukigeuka, bado haujakazwa. Usitoke.

Najua wapinzani wangu wako tayari. Kuna kaka mmoja wa Kidato cha Nne aliniambia, "Mbona wale wa Kigali hawafi ganzi?" Swali zuri. Mwalimu wetu wa Fizikia ametufundisha kwamba upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Anayekimbia kilomita 40 kwa saa hukabiliwa na nguvu ya hewa karibu mara saba ya ile inayonikabili mimi ninayekwenda kilomita 15. Yeye akiinama anapata faida kubwa; mimi nikiinama napata vumbi la trekta usoni. Tena yeye anakanyaga kwa nguvu ambazo zinamwinua kidogo, mgongo na tumbo vyake vimezoezwa miaka mingi, sehemu kubwa ya barabara ni ya lami, na hana mkoba wenye Kamusi na Atlasi mgongoni.

Zaidi ya hayo, mabingwa wenyewe hawaigani. Mwaka 1993 mwanamume wa Scotland aitwaye Graeme Obree aliweka rekodi ya dunia kule Hamar, Norway, kwa kwenda kilomita 51.596 katika saa moja, juu ya baiskeli aliyoibuni na kuiunda mwenyewe. Usukani wake ulikuwa karibu sana na kifua, mikono imekunjwa chini yake, tofauti na wa wenziwe wote. Wakuu wa mchezo waliupiga marufuku mkao ule mwaka 1994. Mnaona? Hakuuliza wenziwe wameuwekaje usukani. Aliuliza mwili wake, na aliuliza kazi iliyokuwa mbele yake, yaani saa moja tu uwanjani. Kazi yetu sisi si ya saa moja. Ni ya kila siku ya shule kwa miaka minne.

Hata hivyo, sitaki mtu aondoke hapa akidhani juu zaidi ndiyo bora zaidi. Ukikaa wima kama mshumaa, uzito wote unashukia kwenye makalio, na kila shimo linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Upepo nao ukikujia mbele utakuzuia, na mlima utakuonea. Uzito ugawanywe: mwingi kwenye kiti na miguu, kidogo kwenye mikono. Na mkoba ufungwe kwenye keria, usikae mgongoni. Kila jambo lina kiasi chake.

Nina maombi mawili kabla sijaketi. Kwa wazazi wetu wapenzi: mkimnunulia mtoto baiskeli, ama mkimrithisha ya kaka yake, mpelekeni naye kwa fundi akae juu yake kwanza. Hamtamnunulia viatu bila kumpima mguu. Na hili nalisema hasa kwa ajili ya wasichana, kwa sababu nyingi tunazopanda zilinunuliwa kwa ajili ya wanaume warefu kutuliko. Msichana akisema baiskeli inamuumiza, asiambiwe kwamba ni mlegevu.

Kwa walimu wetu na chama cha wanafunzi: tunaomba spana chache na pampu moja, na alasiri moja ya Ijumaa kila mwezi, tukaguliane baiskeli chini ya mwembe. Ndugu zetu wa Gredi ya Kumi wamekuja na baiskeli nyingi mwaka huu, na nimewaona wakiinama vilevile tulivyoinama sisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Je, vidole vyangu? Havikupona kwa siku moja. Mwalimu alinionya kwamba nisipoona nafuu niende zahanati, na yeyote mwenye ganzi isiyoisha namshauri hivyo hivyo. Lakini baada ya mwezi mmoja na kitu nilianza kuhisi kalamu tena. Muhula uliofuata insha yangu ilipata 16. Nilimpelekea Baba karatasi. Aliitazama, akatoka nje, akaushika usukani wa baiskeli yangu na kuujaribu kama umekaza. Ndivyo Baba anavyopongeza.

Asubuhi ya leo nilipita langoni nimekaa wima juu ya usukani wangu wa pembe za ng'ombe. Jamaa mmoja akapaza sauti, "Muuza mkate amefika!" Nikampungia mkono, vidole vyote vitano. Kisha nikaingia darasani nikaandika maneno haya, kwa mwandiko unaosomeka.